Vifaa vya picha safarini: istilahi na matumizi yake

Vifaa vya picha ni zana zinazotumika kunasa, kuhifadhi, kuhariri na kusambaza picha mnato na video. Makala hii inaeleza majina ya vifaa vinavyobebwa na mwanablogu wa safari, yaani mtu anayesafiri na kuchapisha habari za safari zake mtandaoni kwa maneno, picha na sauti. Mkazo umewekwa katika maneno yenye maana zaidi ya moja, kwa kuwa hayo ndiyo yanayowaponza wanafunzi na wafasiri.

Mifano mingi imewekwa katika mazingira ya Gare, kata ya Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Gare iko katika Milima ya Usambara, na inajulikana kwa misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na watawa wa Kitrapisti mwishoni mwa karne ya 19. Wenyeji huzungumza Kishambaa nyumbani na Kiswahili pamoja na wageni wanaopanda kutoka Mombo kwa barabara ipitayo Soni hadi Lushoto. Hali ya hewa ya milima, mahusiano ya mgeni na mwenyeji, na sheria zinazotawala kazi ya picha hukutana hapo, na kila moja hudai neno lake sahihi.

1. Kamera na picha

Kamera (ngeli ya I-/ZI-): kifaa cha kupigia picha. Neno hili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, nacho kililitoa katika Kilatini, ambamo lilikuwa na maana ya chumba. Umbo la wingi halibadiliki: "kamera hii", "kamera hizi". Umbo "makamera" husikika katika mazungumzo likiashiria wingi wa kushangaza au ukubwa wa vifaa ("walikuja na makamera yao"). Katika maandishi rasmi halifai.

Picha (ngeli ya I-/ZI-): umbo la kitu au mtu lililonaswa au kuchorwa. Kabla ya neno hili kuenea, maneno "sanamu" na "taswira" yalitumika kwa maana hiyo. Siku hizi sanamu ni umbo lililochongwa, lililofinyangwa au kumiminwa, na taswira ni picha inayojengeka akilini, hasa kutokana na maneno ya mwandishi wa fasihi. Kwa hiyo "taswira ya Gare katika riwaya" na "picha ya Gare katika blogu" si kitu kimoja. Picha isiyosogea huitwa picha mnato, na inayosogea huitwa video au, katika maandishi ya kitaalamu, picha jongefu. Mashariki mwa Kongo neno la kawaida ni "foto", kutoka Kifaransa.

Kusafisha picha: kutoa picha kutoka katika filamu kwa dawa, na kisha kuichapa kwenye karatasi. Msemo huu umeishi kuliko filamu yenyewe: nchini Tanzania mtu hupeleka simu yake studio "kusafisha picha", akimaanisha kuzichapa. Mfasiri anayetaka kusema kwamba picha imeondolewa doa kwa programu atumie "kuhariri" au "kurekebisha", asije akaeleweka kuwa amekwenda studio.

2. Kupiga picha

Kitenzi kinachoambatana na picha ni "kupiga". Hapa hakina maana ya kudhuru. Ni kitenzi saidizi cha maana, kama katika kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura, kupiga magoti na kupiga hodi. Tafsiri ya neno kwa neno, "kuchukua picha", imeenea, lakini katika Kiswahili cha asili kuchukua ni kubeba kitu na kwenda nacho. Mgeni anayemwambia bibi kizee wa Gare, "Naweza kuchukua picha yako?" anaweza kudhaniwa anaitaka picha iliyotundikwa ukutani. Muundo wa "naweza" nao hauombi. Unauliza kama msemaji ana uwezo. Ombi la kawaida ni hili:

"Shikamoo, bibi. Naomba nikupige picha."

Salamu hutangulia ombi, na ombi hutangulia kamera. Kwa maneno mengine, hodi hupigwa kabla ya picha kupigwa.

Minyambuliko ya kitenzi hiki hubadilisha nafasi ya mtu katika tendo, na mfasiri hana budi kuitofautisha:

(a) Alimpiga mzee picha. Mzee ndiye anayeonekana katika picha.
(b) Alimpigia mzee picha. Picha ilipigwa kwa ajili ya mzee au kwa niaba yake. Huenda anayeonekana ni mjukuu wake.
(c) Mzee alipigwa picha. Sentensi haimtaji mpigaji, wala haisemi kama mzee aliridhia.
(d) Walipigana picha. Walipokezana kamera, kila mmoja akampiga mwenzake.
(e) Alijipiga picha. Alikuwa mpiga picha na mpigwa picha kwa wakati mmoja. Picha ya namna hii huitwa selfi.

3. Utata wa "picha ya"

Kihusishi cha umilikishi kina maana tatu katika fungu la maneno kama "picha ya mkulima": picha inayomwonyesha mkulima, picha aliyoipiga mkulima, au picha anayoimiliki mkulima. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Katika maelezo ya picha, mkataba au blogu, utata huo unaweza kumnyima mtu haki yake, kwa sababu mwenye sura, mpigaji na mwenye mali wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Inafaa kuandika "picha inayomwonyesha", "picha iliyopigwa na" au "picha inayomilikiwa na".

Jambo hili lina historia katika eneo lenyewe. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmsthal, wapiga picha wa Kizungu walizunguka nchini na kamera zao. Mmoja wao, Walther Dobbertin, aliacha mkusanyo mkubwa wa picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambao sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani, Bundesarchiv. Katika picha nyingi za enzi hizo maelezo hutaja kabila au kazi ya mtu bila kutaja jina lake. Aliyepiga anajulikana, aliyepigwa hajulikani. Mwanablogu anayeandika "picha ya Mshambaa" chini ya sura ya mtu aliyezungumza naye saa nzima anarudia mtindo huo, hata kama hakukusudia.

4. Ruhusa, ridhaa, idhini na kibali

Maneno haya manne hutumika kiholela kana kwamba ni visawe. Katika kazi ya picha yanatofautiana.

Ruhusa ni neno la jumla: kuachiwa kufanya jambo. Ridhaa ni kukubali kwa hiari kunakotoka kwa mtu mwenyewe anayehusika, akiwa ameelewa anachokubali. Idhini ni ruhusa inayotolewa na mwenye mamlaka. Kibali ni idhini iliyowekwa katika hati au kumbukumbu rasmi, na kwa kawaida kina muda na masharti.

Kwa hiyo mwanamke anayeuza peasi sokoni hutoa ridhaa. Mwenyekiti wa kijiji hutoa idhini. Mamlaka ya serikali hutoa kibali. Kibali hakichukui nafasi ya ridhaa. Mwenye kibali cha kupiga picha msituni hana, kwa kibali hicho peke yake, ridhaa ya watu atakaowakuta njiani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, imeongeza uzito wa neno "ridhaa". Mfasiri wa fomu za wapiga picha asiweke "kibali cha mhusika" panapotakiwa "ridhaa ya mhusika".

5. Ukungu

Hakuna neno linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika Usambara kuliko hili. Ukungu (ngeli ya U-) ni, kwanza, mvuke mzito unaotanda karibu na ardhi na kuzuia macho kuona mbali. Ni, pili, utando wa kuvu unaoota juu ya vitu vilivyokaa penye unyevu, kama mkate, ngozi au nguo. Maana zote mbili zinaihusu lenzi, na matokeo yake ni mbali kama mbingu na ardhi.

Kamera iliyotoka katika ubaridi wa asubuhi na kuingizwa jikoni penye moto hufunikwa na matone madogo ya maji juu ya kioo. Huo ni ukungu wa maana ya kwanza. Huondoka wenyewe kifaa kikiachwa kipate joto taratibu. Lenzi iliyofungiwa kwa miezi katika mfuko wenye unyevu inaweza kuota kuvu ndani yake, na kuvu hilo huweza kuula utando wa kioo na kuacha alama za kudumu. Huo ni ukungu wa maana ya pili. Kitambaa hakiufikii, na lenzi huhitaji fundi.

Kiswahili hutofautisha maana hizo kwa kitenzi:

(a) Lenzi imeingia ukungu, au: Lenzi imefunikwa na ukungu. Ni mvuke.
(b) Lenzi imeota ukungu. Ni kuvu.

Katika mwongozo wa matumizi, ambapo msomaji hawezi kuuliza, ni salama zaidi kutumia maneno mawili tofauti: "mvuke" kwa hali ya kwanza na "kuvu" kwa ya pili. Neno "ukungu" libaki kwa ule unaotanda bondeni, ambao mwanablogu amepanda mlima kuupiga picha.

6. Maneno mengine yenye maana mbili

Sensa. Nchini Tanzania neno hili ni hesabu ya watu. Kila mtu analikumbuka kutokana na Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Kulitumia kwa sehemu ya kamera inayopokea mwanga huleta sentensi za kuchekesha, kama "sensa ya kamera hii ni ndogo". Istilahi inayofaa ni kihisi: "kihisi kikubwa hupokea mwanga mwingi zaidi".

Flashi. Dukani neno hili lina maana mbili: taa ya kamera inayomweka mara moja, na kifaa kidogo cha kuhifadhia data kinachochomekwa kwenye kompyuta. Katika maandishi, ya kwanza iitwe taa ya kamera au mmweko, na ya pili iitwe diski mweko. "Usitumie flashi kanisani" inaeleweka. "Usisahau flashi" haieleweki.

Stendi. Mitaani hili ni jina la kiegemeo cha kamera chenye miguu mitatu, lakini kwa Watanzania wengi stendi ni kituo cha mabasi kwanza. "Ameacha stendi Lushoto" si sawa na "ameiacha stendi ya Lushoto". Neno "tripodi" (ngeli ya I-/ZI-) limekubalika na huondoa mkanganyiko.

Kipaza sauti. Kwa asili ya neno, ni kifaa kinachokuza sauti ili isikike mbali. Kifaa kinachobanwa kwenye kola ya shati hakipazi chochote, kinanasa. Kwa kazi ya video, "kinasa sauti" hueleza kazi yake vizuri zaidi, ingawa neno hilo hutumika pia kwa mashine nzima ya kurekodi. Katika mazungumzo wengi husema "maiki", na si kosa.

Kukuza na kuvuta. Kukuza picha ni kuiongezea ukubwa picha iliyokwisha kupigwa. Kuvuta ni kukileta karibu kitu kilicho mbali kwa kutumia lenzi kabla ya kupiga. Anayevuta huipata picha safi ya nyumba zilizo ng'ambo ya bonde. Anayekuza picha ya simu mwishowe hubaki na vipande vya rangi tu.

Maudhui. Katika darasa la fasihi, maudhui ni yale yanayosemwa na kazi, kinyume cha fani, yaani namna yanavyosemwa. Katika lugha ya mtandao, maudhui ni kila kilichowekwa mtandaoni: maneno, picha, sauti na hata mpangilio wake. Mwalimu anayefundisha dhana zote mbili hana budi kutaja mpaka huu waziwazi.

7. Betri na chaji

Betri (ngeli ya I-/ZI-) ni kifaa kinachohifadhi umeme. Chaji (ngeli ya I-/ZI-) ni umeme uliomo ndani yake. Chaja ni kifaa cha kuingizia umeme huo. Kitenzi ni kuchaji. "Chaji imekwisha" ni hali inayotibika kwa saa chache. "Betri imekufa" ni hasara. Katika baridi betri hutoa umeme kidogo kuliko kawaida na huweza kuzima kifaa ilhali bado ina chaji; ikipashwa joto mfukoni, hurudi. Kwa hali hiyo isemwe "betri imepoa", isisemwe "imekufa".

Betri ya akiba ya kuchajia simu huitwa pawabenki katika matumizi ya kila siku. Umeme unaotokana na jua huitwa umemejua au sola. Kibao kinachoupokea ni paneli ya sola.

8. Simu, kishikwambi na kompyuta

Katika kundi hili Tanzania na Kenya hutofautiana. Simu yenye uwezo wa kupiga picha na kutumia intaneti huitwa simu janja katika maandishi mengi ya Tanzania. Waandishi wa Kenya hutumia pia "rununu" kwa simu ya mkononi ya aina yoyote. Kompyuta inayobebeka ni kompyuta mpakato Tanzania na kipakatalishi Kenya. Maneno yote mawili yametokana na kupakata, yaani kukiweka kitu mapajani kama mtoto anavyopakatwa. Kishikwambi (ngeli ya KI-/VI-) ni kompyuta bapa ya kushikwa mkononi. Neno hili lilibaki vitabuni hadi makarani wa sensa ya 2022 walipolizoesha masikioni mwa watu, na baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Ni mfano mzuri wa istilahi iliyokubalika kwa sababu kitu chenyewe kilifika mikononi mwa watu pamoja na jina lake.

9. Droni

Kifaa kinachoruka bila mtu ndani yake kina majina matatu: droni, ndege nyuki, na ndege isiyo na rubani. Jina la tatu hutumika sana katika habari za vita, hivyo huweza kuleta hofu pasipo sababu. Ndege nyuki hutumika Tanzania katika shughuli za kilimo na upimaji. Droni ndilo fupi na linaeleweka pande zote za Afrika Mashariki.

Upatanisho wa kisarufi ni muhimu. Ndege kiumbe huchukua ngeli ya A-/WA-, ndege chombo ngeli ya I-/ZI-. "Ndege ameruka juu ya msitu wa Magamba" ni habari ya kupendeza; "ndege imeruka juu ya msitu wa Magamba" ni habari inayoweza kuzua swali la kibali. Kurusha droni Tanzania huhitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia jambo hilo. Anayeiongoza akiwa chini aitwe mrushaji au mwongozaji.

10. Mwanablogu

Mwanablogu (wingi: wanablogu) ni mwenye kuandika au kuendesha blogu. Neno lina umbo sawa na mwanahabari na mwanasheria, lakini usawa wa umbo si usawa wa hadhi kisheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kanuni nyingine zikafuata mwaka 2020. Tangu hapo, kumwita mtu "mwanablogu" katika hati rasmi kunaweza kumaanisha zaidi ya kusema kwamba anapenda kuandika. Panapohusika burudani tu, "mwandishi wa safari" au "msafiri" hutosha.

Mfano wa tafsiri

Aya mbili zifuatazo ni za tangazo la kubuni kwa wageni. Ya kwanza imetafsiriwa bila kuzingatia yaliyoelezwa hapo juu. Ya pili imerekebishwa.

Isiyofaa: "Unaweza kuchukua picha za watu kama una kibali. Usitumie flashi. Linda lenzi yako na ukungu. Usiache stendi njiani."

Inayofaa: "Msalimu mtu na uombe ridhaa yake kabla ya kumpiga picha. Usitumie taa ya kamera. Kausha lenzi yako kabla ya kuihifadhi ili isiote kuvu. Usiache tripodi njiani."

Aya ya kwanza haina kosa la kisarufi hata moja, na kila neno lake limo katika kamusi. Hata hivyo, mgeni anayeifuata anaweza kudhani kwamba karatasi ya ofisini inamtosha, akampiga picha mtu asiyetaka, na akarudi nyumbani na lenzi iliyoharibika.